Matao Mawili Yaliyozipisha Meli

Mwenye gari na haraka zake, mjini Minneapolis, Marekani, ana madaraja mengi ya kumvusha mto Mississippi. Daraja la Matao ya Mawe halimo. Hili limeachiwa miguu na baiskeli. Jumamosi ya majira ya joto utawakuta juu yake wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakikimbia, wazee na mbwa wao, maharusi na mpiga picha wakiuwahi mwanga wa jioni, na watoto wakichungulia kati ya vyuma vya kando ili wayaone maji yakiporomoka. Usishangae ukisikia Kiswahili. Mtaa wa Cedar-Riverside, walikopiga kambi ya kudumu Wasomali wengi, hauko mbali, na si wachache kati yao waliopitia kambi za wakimbizi za Dadaab au Kakuma, Kenya, kabla ya kufika huku, wakaondoka na lugha. Wakenya nao wako tele katika jimbo hili. Tangu mwaka 2000 Minneapolis na Eldoret ni miji dada, ingawa likija suala la mbio, tunajua ni dada yupi mkubwa.

Lilijengwa kati ya 1882 na 1883 kwa ajili ya treni. Urefu wake ni mita 640 hivi, na katika mto wote wa Mississippi, wenye zaidi ya kilomita 3,700, hakuna daraja jingine la aina yake. Linalolizidi umri kati ya yaliyosimama leo juu ya mto huo ni daraja la Eads la mjini St. Louis, la mwaka 1874, nalo ni la chuma. Wenyeji watakuambia daraja lao lina matao 21 ya mawe. Ni kweli, lakini lilizaliwa na 23. Makala hii ina hamu zaidi na hayo mawili yasiyokuwepo.

Mwenye daraja alikuwa James J. Hill, Mkanada aliyezaliwa 1838, akapoteza jicho moja utotoni, akaingia Minnesota akiwa kijana mwenye mfuko mtupu. Kazi aliyoipata ilikuwa ya ukarani gatini, katika mji jirani wa St. Paul, akiandika mizigo inayopanda na kushuka kwenye meli za mvuke. Tuliweke hilo akilini, maana meli zitarudi baadaye katika habari hii. Mwaka 1878 Hill na wenzake waliinunua reli iliyokuwa imefilisika, wakaifufua, na mwaka 1893 reli yake, ambayo wakati huo ilikwisha kuitwa Great Northern, ilifika pwani ya Pasifiki. Magazeti yalimwita mjenzi wa himaya.

Ili treni zake ziingie katikati ya Minneapolis ilibidi avuke mto, na hapo ndipo mawe yalipomletea kicheko. Gharama ilipita dola 600,000, fedha za kutisha kwa wakati ule, na wajuzi wa mambo walikuwa wanajenga kwa chuma. Daraja likabatizwa Upumbavu wa Hill. Ukilitazama kwenye ramani leo utaona jambo jingine la ajabu: halikati mto moja kwa moja. Linauvuka mshazari, na likikaribia ukingo wa magharibi linapinda. Msanifu wa kawaida hukimbia mapindo, hasa akiwa anajenga kwa mawe. Huyu, mhandisi Kanali Charles C. Smith, hakuwa na pa kukimbilia, na sababu iko chini ya maji.

Mji huu umekaa juu ya miamba ya aina mbili iliyolaliana. Juu kuna tabaka la jiwe la chokaa, gumu lakini jembamba. Chini yake kuna mwamba wa mchanga, laini kiasi kwamba unauchubua kwa ukucha. Maji ya Maporomoko ya St. Anthony, maporomoko makubwa pekee ya asili katika Mississippi, yalikuwa yakidondoka kutoka juu ya tabaka gumu na kuula ule mchanga wa chini. Tabaka la juu linabaki likining'inia, kisha linakatika. Kwa namna hiyo maporomoko yalikuwa yakirudi nyuma, mwaka hadi mwaka, kwa maelfu ya miaka, kutoka upande wa St. Paul. Wadakota, wenye nchi, wanapaita Owámniyomni. Jina la St. Anthony aliliweka padri Louis Hennepin mwaka 1680, alipopita hapo.

Binadamu waliongeza kasi. Nguvu ya maji hayo ilikuwa inaendesha viwanda vya mbao na vya unga, na kila mwenye kiwanda alitaka sehemu yake. William Eastman na washirika wake wakaanza kuchimba handaki kutoka chini ya maporomoko kuelekea kisiwa cha Nicollet, wapate njia ya maji ya kuendeshea mitambo yao. Tarehe 5 Oktoba 1869 mto ukapenya ndani ya handaki. Mwamba wa mchanga ukaanza kuyeyuka, shimo likapanuka, na wakazi wa mji wakakimbilia mtoni kutupia magogo, mawe na chochote walichopata. Walikuwa wanaona mji wao ukikosa maporomoko, na bila maporomoko hapakuwa na mji. Wahandisi wa jeshi ndio waliookoa jahazi: wakajenga ukuta wa zege chini ya mto, uliokamilika 1876, kisha wakayavika maporomoko sakafu ya mbao ili maji yateleze badala ya kuchimba. Maporomoko anayoyaona mgeni leo ni teremko la zege. Wenye kutarajia Victoria watavunjika moyo kidogo.

Basi Hill alipokuja na daraja lake, miaka michache tu baada ya hofu hiyo, hakuna aliyetaka kusikia habari ya kuchimba misingi juu ya maporomoko na kulitoboa lile tabaka jembamba. Daraja likasukumwa chini ya maporomoko, likakaa mshazari, likapindishwa mwishoni ili reli iingie mjini bila kugombana na viwanda. Umbo ambalo wapiga picha wanalipenda leo lilitokana na woga, tena woga wa haki.

Namna tao la mawe linavyosimama inafaa kuelezwa, kwa sababu bila hiyo huwezi kuona ukubwa wa kilichofanywa baadaye. Mafundi huanza na kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara. Juu yake hupanga mawe yaliyochongwa kwa umbo la kabari, wakipanda kutoka pande zote mbili, hadi jiwe la mwisho la kileleni. Kiunzi kikiondolewa, kila jiwe linataka kudondoka na kila jiwe linazuiwa na jirani yake. Uzito wa treni hauliangushi tao, unalibana zaidi. Lakini msukumo haufi, unateremka kwenye nguzo na kwenda kusukuma tao la pili, nalo linasukuma la tatu, hadi ukingoni. Matao 23 yaliyofuatana yalikuwa yanategemeana hivyo. Ukiondoa moja, lililo jirani linakosa wa kulizuia.

Mawe yenyewe yalitoka sehemu mbalimbali. Granaiti ya misingini, iliyotakiwa kuvumilia maji na barafu, ililetwa kutoka Sauk Rapids, ndani ya Minnesota. Jiwe la chokaa lilitoka Mankato, pia Iowa na Wisconsin. Ukishuka ukingoni unaona tofauti kwa macho: nguzo zina weusi wa granaiti pale maji yanapozilamba, na juu yake matao yana rangi ya mchanga mkavu. Matao yana upana wa kati ya futi 40 na 100, si sawa yote, na usawa huo uliokosekana hauonekani mpaka uutafute.

Mwishoni mwa 1883 daraja lilikuwa tayari, na waliocheka wakapanda treni. Enzi za kilele cha reli zilipita juu yake treni zipatazo 80 kwa siku, zikiwa na njia mbili sambamba. Kuanzia 1929 ilipita hapo treni ya abiria iliyopewa jina la Hill mwenyewe, Empire Builder, ikienda pwani ya Pasifiki. Treni hiyo bado ipo. Haipiti hapa tena.

Kando ya reli ulikuwepo unga. Kwa karibu miaka 50, kuanzia 1880, Minneapolis ndiyo iliyokuwa ikisaga ngano kuliko mji wowote duniani. Ukisimama katikati ya daraja, upande mmoja unaona kiwanda cha Pillsbury A cha 1881, siku hizi makazi ya wasanii, na upande wa pili magofu ya Washburn A. Cha kwanza kilichokuwa na jina hilo kililipuka Mei 2, 1878, kwa vumbi la unga lililoshika moto, na kuua watu 18. Kikajengwa kingine, hicho kikafungwa 1965, kikaungua 1991, na ndani ya kuta zake zilizobaki wakafungua jumba la makumbusho mwaka 2003. Watu wa mji huo wana tabia ya kutotupa magofu yao. Hawakuwa nayo siku zote.

Turudi kwenye meli. Baada ya vita kuu ya pili, wakubwa wa Minneapolis waliamini kwamba mji wao unakosa kitu kimoja: bandari. Matishari ya mizigo yalikuwa yanapanda Mississippi hadi chini ya maporomoko na kukwama hapo. Suluhisho likawa lango la meli. Kwa asiyepata kuliona, ni chumba kirefu cha zege chenye mlango mbele na mlango nyuma: tishari linaingia, mlango unafungwa, maji yanajazwa au kutolewa, na tishari linapanda au kushuka. Lango la juu la St. Anthony lilikuwa linapandisha chombo futi 49, karibu mita 15. Tatizo ni kwamba matishari yanayoelekea langoni yangepita chini ya daraja la Hill, na nguzo za mawe zilikuwa zimeziba njia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 matao mawili ya upande wa magharibi yakabomolewa. Mahali pake pakawekwa fremu ya chuma iliyosukwa kwa pembetatu, na reli zikaendelea juu yake. Kisiwa kimoja kidogo kilichokuwa hapo mtoni, Kisiwa cha Roho, mahali patakatifu pa Wadakota, nacho kikaondolewa. Kilikuwa kimekwisha kumegwa sana na wachimba mawe. Kubomoa ndiko kulikokuwa desturi ya miaka hiyo. Mwaka 1961 mji ulianza kulibomoa Metropolitan Building, jengo la ghorofa 12 la mwaka 1890 ambalo hadi leo wazee wa huko hulitaja kwa kusonya. Lango likafunguliwa 1963. Miaka miwili baadaye mto ukafurika kuliko ilivyopata kuandikwa, nguzo za daraja zikatitia, zikatengenezwa kwa gharama kubwa, na wenye reli wakaanza kuliona daraja kama mzigo.

Hesabu ya lango ni hii. Shehena iliyoahidiwa haikuja kama ilivyoahidiwa. Mwezi Juni 2015 lango likafungwa kwa amri ya bunge la Marekani, ili kuwazuia samaki vamizi wa aina ya kapi, wenye asili ya Asia, wasipande mto kuelekea maziwa ya kaskazini. Wengi wa samaki hao ni kizazi cha waliotoroka mabwawa ya kufugia kule kusini. Kwa hiyo matao yaliyodumu karibu miaka 80 yalivunjwa kulipisha lango lililofanya kazi miaka 52. Karani wa meli za mvuke alijenga daraja la reli, meli zikalikata, kisha meli zenyewe zikakatwa na samaki.

Ni rahisi kuwabeza waliofanya uamuzi huo, nami nakiri kwamba kila nikiitazama ile fremu ya chuma nashikwa na hasira. Lakini haki isemwe: hawakulibomoa lote. Walichukua mawili wakaacha 21, ingawa kukata katikati ya msururu wa matao yanayoegemeana si kazi nyepesi. Na waliamini, kama tunavyoamini sisi tukijenga barabara za juu leo, kwamba kazi waliyokuwa wanaitengenezea nafasi ni ya milele.

Kazi ya treni nayo iliisha. Stesheni kuu ya Great Northern upande wa mjini ilibomolewa 1978, na bila stesheni daraja halikuwa na pa kwenda. Likabaki miaka mingi limekaa bure, viwanda vingi vya kando ya mto vikiwa vimefungwa, mto wenyewe ukiwa mahali ambapo mama hangemruhusu mtoto aende peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Idara ya Uchukuzi ya Minnesota ikalichukua, reli zikawa zimeondolewa, sakafu ikatengenezwa, na mwaka 1994 likafunguliwa kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kwetu jambo hilo lisingehitaji ufunguzi. Nani asiyejua njia ya reli ya Kibera, ambako watu hutembea, huuza na huanika nguo relini hata treni ikiwa bado inapita?

Kilichofuata ni kile kinachofuata kila mahali maji na mandhari vinapokuwa salama. Viwanda vikageuzwa vyumba vya kupanga, ukumbi wa Guthrie ukahamia ukingoni mwaka 2006 katika jengo lililosanifiwa na Jean Nouvel, na bei zikapanda. Wenye kipato cha kusukuma mikokoteni ya mizigo hawaishi tena karibu na mto. Daraja ni bure. Kuliona kutoka dirishani kwako si bure.

Tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili na dakika chache jioni, daraja la barabara kuu ya I-35W, lililo umbali mfupi kuelekea mto unakoteremkia, lilianguka na msururu wa magari juu yake. Walikufa watu 13, wakajeruhiwa 145. Daraja la mawe likawa jukwaa ambapo watu walisimama kimya kuwatazama waokoaji. Lile lililoanguka lilikuwa la mwaka 1967. Wachunguzi walikuta kwamba vibao vya chuma vinavyounganisha mihimili vilikuwa vyembamba, nusu ya unene uliotakiwa, tangu kwenye michoro, na siku hiyo lilikuwa limebeba pia vifaa vizito vya ukarabati.

Tangu hapo kuna watu wanaopenda kusema kwamba wazee walijua kujenga na sisi hatujui. Sikubaliani nao. Daraja la Hill limetibiwa mara nyingi katika maisha yake: limeimarishwa, limetitia likainuliwa, na mwaka 2024 ulianza ukarabati mwingine mkubwa wa kubadilisha mawe yaliyochoka na kujaza upya viungo. Limesimama kwa sababu tao la mawe huonyesha ugonjwa wake mapema na kwa uwazi. Jiwe huvimba, kiungo hutoka unga, mti mdogo huota kwenye ufa. Kibao cha chuma kilichokosewa unene kinaweza kukaa miaka 40 kikionekana kizima.

Viungo hivyo ndivyo vinavyomkera na kumfurahisha fundi. Adui wa jiwe kule kaskazini ni maji yanayoingia ndani, yakaganda wakati wa baridi, yakatanuka na kulipasua. Kanuni ya waashi wa majengo ya kale ni kwamba udongo wa kuunganishia lazima uwe laini kuliko jiwe, ili unyevu utokee kwenye kiungo, na kinachokufa kiwe kiungo, si jiwe. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe wa Zanzibar anaijua habari hii bila kufika Minnesota. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa iliyochomwa kwenye tanuu hupumua. Aje mwenye nyumba mwenye fedha na haraka, aupige plasta ya saruji, nje utapendeza miaka michache, na ndani unyevu utakuwa unaula ukuta hadi siku roshani itakaposhuka barabarani. Saruji ni ngumu, na ugumu wake ndio kasoro. Tofauti iliyopo ni kwamba daraja la Minneapolis lina mwenye mali mmoja, serikali ya jimbo, yenye bajeti. Nyumba ya Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, inaweza kuwa na warithi thelathini, nusu yao wakiwa Muscat na Dubai.

Suala lililo moto sasa pale mtoni ni lango, wala si daraja. Sheria ya bunge ya mwaka 2020 ilifungua njia ya kukabidhi ardhi ya kando ya lango, na shirika linaloongozwa na Wadakota, Owámniyomni Okhódayapi, ndilo linalopanga kuirudishia ardhi hiyo mimea ya asili na maji. Kwa Wadakota daraja la 1883 ni jambo la juzi. Wanachokidai ni maporomoko, na katika hayo yaliyopotea hapo hawataji matao mawili, wanataja kisiwa.

Ukipata safari ya huko, ingia kwa upande wa magharibi, kwenye bustani ya magofu ya viwanda. Usipande darajani kwanza. Shuka hadi usawa wa maji, utazame juu, uhesabu kuanzia ukingoni: utaliona jiwe likikoma ghafla, fremu ya chuma ikishika nafasi, na chini yake lango tupu la zege lenye milango iliyofungwa. Halafu panda uvuke. Kutembea kwa mwendo wa kawaida hakumalizi dakika 10, ila wakati wa baridi valia vizuri, upepo wa mtoni pale hauna adabu.